Baiskeli Ikilia, Sikio Litangulie Nyundo

Baiskeli inayotoa mlio wa kugonga kila inapokanyagwa humpa fundi karibu habari yote anayoihitaji ili aitengeneze, na kwa sababu hiyo fundi anayeanza kazi kwa kushika nyundo au kuuza kifaa kipya, kabla hajausikiliza mlio wenyewe, anastahili kulaumiwa hadharani, hata kama mkono wake ni mwepesi na bei yake ni nafuu. Wasomaji wa siku nyingi wanaufahamu ugomvi wa safu hii na nyundo. Wiki hii, mjini Singida, ugomvi huo umepata sababu nyingine, na safari hii hakuna nafasi ya suluhu.

Kijana mmoja anayefanya mazoezi ya mbio katika barabara ya kwenda Dodoma alimfikia fundi anayefanyia kazi chini ya mti pembeni mwa mji, akiwa na baiskeli ya mbio ya mtumba, yaani ile yenye usukani uliopinda kuelekea chini, matairi membamba na gia za kubadilisha. Alimwamkia fundi kwa adabu, kisha akaeleza kwamba kila anapokanyaga kwa nguvu, hasa akipandisha kilima, husikika mlio mmoja mkavu kutoka sehemu ya chini, na kwamba akiacha kukanyaga huku baiskeli ikiendelea kuserereka, mlio hunyamaza. Maelezo hayo peke yake yalikwisha kuyaondolea lawama magurudumu, kwa kuwa gurudumu lenye kasoro, kwa kawaida, hulia hata miguu ikiwa imetulia.

Fundi hakuyashughulikia. Hakuipanda baiskeli, hakuizungusha pedali kwa mkono, wala hakuuliza ni mguu upi unaoshuka mlio unapotokea. Aliilaza baiskeli ubavu, akachukua nyundo na kuigonga krenki, yaani ule mkono unaoiunganisha pedali na ekseli ya katikati. Mazoea hayo yanatokana na baiskeli nzito za aina ya Phoenix, Avon na Hero, ambazo krenki zake hushikwa na kotapini, kipande cha chuma chenye ubapa upande mmoja kinachopenyezwa kati ya krenki na ekseli, ambacho kikichakaa huifanya krenki icheze na kugonga. Krenki ya kijana yule ilikuwa ya alumini, imeshikwa kwa bolti kwenye ekseli yenye ncha ya pembe nne, wala haikuwa na kotapini ya kugongwa. Hata kwenye Phoenix yenyewe, krenki inapaswa kuegemezwa kwanza kwenye kipande cha bomba au chuma kizito kinachofika chini, kwa sababu pigo lisilo na egemeo hupita kwenye ekseli na kuzikandamiza gololi dhidi ya vikombe vyake, na alama zinazobaki humo huwa chanzo cha mlio mwingine baadaye.

Mlio ulipobaki palepale, fundi alitangaza kwamba mnyororo umekwisha, akauza mpya na kuufunga, bila kuupima ule wa zamani, ingawa kipimo chake hakihitaji zaidi ya rula: pingili 24 za mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho, ni inchi 12 kamili, na urefu huo ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechakaa na unafaa kubadilishwa. Kijana alilipa, akapanda, akakanyaga, na mlio ukaendelea kama ulivyokuja naye. Hapo fundi akaanza kuitaja ekseli nzima, na bei ikaanza kupanda upya.

Aliyeinusuru pesa iliyobaki alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli aliyekuwa akisubiri tairi lake lizibwe. "Kijana," aliuliza, "kinalia mara ngapi mguu ukizunguka mara moja?" Kijana akajibu, "Mara moja, mzee." Akaambiwa aende mpaka kwenye mwembe na kurudi akikanyaga kwa mguu wa kulia pekee, na mlio haukusikika, akatumwa tena kwa mguu wa kushoto pekee, nao ukarudi wazi. Mzee aliazima spana, akaifungua pedali ya kushoto kwa kuizungusha upande ambao bolti ya kawaida hukaziwa, akaonyesha hesi zake, yaani ile mistari ya mzunguko inayoshikana kifaa kinapokazwa, zikiwa kavu na zimejaa vumbi. Alizifuta kwa kitambaa, akazipaka grisi kidogo, akairudisha pedali na kuikaza barabara. Mlio ulikwisha, na kilichotumika kilikuwa kitambaa, spana na grisi ya kujaa ncha ya kidole.

Kuhusu pedali hiyo ya kushoto, ni lazima isemwe kwa uzito kwamba hesi zake hukazwa kinyume cha mwendo wa saa, tofauti na ile ya kulia, na mpangilio huo umewekwa makusudi ili mzunguko wa kukanyaga usiifungue pedali taratibu barabarani. Fundi asiyelijua jambo hili, au anayelisahau kwa haraka, huilazimisha pedali kuingia upande usio wake, na kwa kuwa alumini ni laini kuliko chuma cha pedali, hesi za krenki hukatika na krenki nzima huharibika.

Mzee yule alifanya kile ambacho wakaguzi wa reli katika nchi nyingi walikifanya kwa vizazi kadhaa, walipotembea kando ya mabehewa wakiyagonga magurudumu kwa nyundo ndogo ili wasikie kama kuna lenye ufa, na mkoa wa Singida, ambao Reli ya Kati huupitia Manyoni na Itigi, hauna sababu ya kuuona utaratibu huo kuwa mgeni. Mlio wa baiskeli nao una saa yake. Ukitokea mara moja kwa kila mzunguko wa mguu, hutafutwa kwenye pedali, krenki na ekseli ya katikati. Ukitokea baada ya mizunguko miwili na zaidi kidogo, hutafutwa kwenye pingili moja ya mnyororo iliyokakamaa, kwa maana mnyororo wa pingili 112 kwenye sproketi ya mbele yenye meno 48 humaliza safari yake baada ya mizunguko miwili na theluthi moja. Ukinyamaza mpanda baiskeli anaposimama juu ya pedali, hutafutwa kwenye tandiko na nguzo yake, ingawa sikio linaweza kuapa kwamba unatoka chini, kwa kuwa fremu ya chuma husafirisha sauti mbali na chanzo chake.

Mkoa wenyewe unazidisha haja ya utaratibu huu. Singida ni nchi ya upepo, na katika miezi mirefu ya kiangazi upepo huo hubeba vumbi na mchanga unaopenya kwenye kila kiungo ambacho grisi yake imekauka. Baiskeli hapa huchota maji, hupeleka kuku wa kienyeji mnadani na hubeba alizeti, hivyo pesa inayopotea kwa mnyororo usiohitajika hutoka kwenye chakula na ada za shule, na kulichukulia jambo hili kuwa dogo ni kumdharau mkulima.

Chanzo cha ubovu huu ni kwamba ufundi wa baiskeli umegeuzwa kuwa duka la vipuri lenye spana, na wateja wenyewe wamekubali kumlipa fundi kwa anachokibadilisha, huku kazi ya kuutafuta ugonjwa wakiiona kuwa ya bure. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo mjini Singida, na mafundi wa chini ya miti wangestahili kufunguliwa mlango wa mafunzo mafupi ambayo somo lake la kwanza liwe kusikiliza. Hadi siku hiyo ifike, wenye baiskeli wa Singida wana sheria moja wanayoweza kuisimamia wenyewe bila kusubiri ofisi yoyote: ada ya kuutafuta ugonjwa ilipwe kwa moyo mweupe, na fundi ambaye hawezi kuitaja sehemu inayolia asilipwe hata senti moja kwa kifaa alichokibadilisha.