Kulala Ndani ya Disney: Unalipia Kitanda au Unalipia Saa?

Mama mmoja wa Nakuru alituandikia majuzi. Kwa miaka mitatu amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo kwenye akaunti ya kufunga, ili awapeleke watoto wake wawili kwa dadake anayeishi Georgia, Marekani, kisha wote washuke kwa gari mpaka Orlando, Florida, wakaone Disney. Kuhusu bei ya tiketi za kuingilia ameshanyoosha mikono, hilo halina dawa. Kinachomnyima usingizi ni hoteli. Walale kwenye hoteli ya Disney yenyewe, ama walale nje, kando ya barabara, kwa bei nafuu? Na watoto nao wameshaona kwenye YouTube hoteli moja ambayo ukivuta pazia asubuhi unakutana na twiga.

Tutakuambia msimamo wetu mapema: kwa familia nyingi za huku kwetu, kulala ndani hakulipi. Lakini sababu si ile watu wengi wanadhani.

Kwanza hilo neno "ndani" lisikudanganye. Walt Disney World, iliyofunguliwa 1971, imekalia ardhi ya karibu kilomita 100 za mraba. Hebu fikiria Nairobi National Park, halafu punguza kidogo tu. Humo mna bustani nne kubwa na hoteli zaidi ya 20. Kwa hivyo unaweza kulipa bei ya kulala ndani na bado asubuhi ukasimama stejini ukingoja basi, ufike langoni baada ya nusu saa au zaidi. Hoteli unazoweza kutoka kwa miguu ukaingia bustanini zipo, lakini hizo bei yake ni ya kushika kichwa.

Sasa tuingie kwa hesabu, maana hapa ndipo tangazo linapokuchezea. Tuseme, kwa mfano tu, hoteli ya nje inatangaza chumba dola 110 kwa usiku, na ile ya bei ya chini ya Disney inatangaza dola 200. Tofauti ni dola 90. Unaruka hapo hapo kuchukua ya nje, si ndiyo? Ngoja. Hoteli nyingi za Orlando huongeza ada ya kila siku ya huduma za hoteli, yaani bwawa, intaneti na vitu ambavyo hukuviomba. Hoteli za Disney hazina ada hiyo. Tuiweke dola 25. Halafu kuna kodi: Orange County, ambako sehemu kubwa ya Disney iko, chumba hutozwa jumla ya asilimia 12.5. Kule nje sasa unalipa kama dola 152. Ndani unalipa 225. Tofauti imeshuka hadi 73. Ukiwa na gari, kuegesha kwenye bustani ni kama dola 30 kwa siku ikiwa hulali ndani, na wanaolala ndani hawatozwi. Imebaki 43. Kwa shilingi, ukihesabu 130 kwa dola, ni kama Sh5,600 kwa usiku.

Mpaka hapo ungesema ndani ni sawa. Lakini hesabu inarudi tena upande wa pili, kupitia tumbo. Hoteli nyingi za kawaida Marekani hutoa kiamsha kinywa bure: mayai, mkate, uji wa shayiri, matunda, na watoto wanakula mpaka waseme basi. Nyingine zina jiko dogo chumbani, na duka la vyakula liko ng'ambo ya barabara. Ndani ya Disney kila kikombe kina bei. Watu wanne wakinunua chai na kitu cha kutafuna asubuhi, zile dola 43 zimeyeyuka kabla hata jua halijawaka. Na tangu mapema 2022 hakuna tena lile basi la bure la Disney la kuchukua wageni uwanja wa ndege, ambalo zamani lilikuwa sababu nzuri ya kulala ndani. Kwa mama yetu hilo halimhusu, dadake ana gari.

Basi ukiweka pesa zote mezani, mizani inakaribia kulingana, na ndani bado ni ghali kiasi. Swali la kweli linabaki: hicho unachoongeza kinakununulia nini?

Kinakununulia saa. Wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa kuingia bustani yoyote dakika 30 kabla ya wengine, kila siku. Nusu saa inaonekana kitu kidogo, lakini asubuhi ndipo foleni ni fupi. Mchezo ambao saa tano ungeupangia foleni ya saa nzima na zaidi, asubuhi unaweza kuupanda mara moja. Faida ya pili, ambayo sisi tunaiona kubwa zaidi, ni mchana. Florida wakati wa kiangazi ni joto la Mombasa, na alasiri mvua ya radi hupenda kushuka. Mtoto wa miaka minne amechoka, analia, hataki hata kumwona huyo panya. Ukilala karibu unamrudisha chumbani, analala saa mbili, jioni mnarudi mkiwa watu. Ukilala mbali huna la kufanya. Wenye watoto wadogo sana au mzazi mzee, hapo hatuwabishii. Lipeni.

Watoto wa huyu mama wana miaka 11 na 14. Hawalali mchana hata uwafunge kamba.

Na hiyo nusu saa ya asubuhi, kuna hoteli kadhaa zisizo za Disney, zile za eneo la Disney Springs, ambazo wageni wao pia wamepewa. Mara nyingi bei zao ni za chini. Ukituuliza, hapo ndipo tungeanza kutafuta.

Sasa turudi kwa twiga. Hiyo hoteli inaitwa Animal Kingdom Lodge, ilifunguliwa 2001, na Mkenya akiingia humo atacheka peke yake. Jengo moja linaitwa Jambo House, lingine Kidani Village. Ukitaka kula kuna Boma, Sanaa, Mara, na mkahawa wa kifahari unaoitwa Jiko. Huku kwetu mtu akisema amepata jiko tunaanza kuchangisha pesa za harusi. Kule unapata jiko kwa kuhifadhi meza na kadi ya benki.

Hatuidharau. Mtoto aliyezaliwa Minnesota na wazazi wa Kiafrika, ambaye hajawahi kuona punda milia nje ya kitabu, huenda ile asubuhi asiisahau. Lakini wewe unatoka Nakuru, mama. Twiga wa Lake Nakuru wako mwendo mfupi tu kutoka mjini. Kuchukua akiba ya miaka mitatu na kuvuka bahari ili ulale na twiga dirishani, hapana. Watoto wakishikilia, hifadhini meza ya chakula cha mchana pale Sanaa, wanyama wanaonekana kupitia dirishani, mle, mpige picha, mwende zenu kulala kwingine.

Kuna mahali pamoja Orlando ambapo hesabu hugeuka kabisa, na si Disney. Universal wana hoteli tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, ambazo bei ya chumba hukupa pia pasi ya kupita foleni za haraka kwenye bustani zao mbili za zamani, kwa kila aliyesajiliwa chumbani. Pasi hiyo ukiinunua kando ni pesa nyingi, mara nyingine kuzidi tiketi yenyewe. Na inafanya kazi siku ya kufika na siku ya kuondoka, kwa hivyo usiku mmoja unakupa siku mbili. Kwa bustani yao mpya, Epic Universe ya 2025, haitumiki. Familia ya watu wanne ikilala usiku mmoja tu huko inaweza kuokoa pesa badala ya kupoteza.

Popote utakapolala, angalia jinsi utakavyolipa. Ukifika mapokezi, hoteli hushikilia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana. Kama ni kadi ya kujaza pesa kwanza, salio hilo hulioni tena mpaka siku kadhaa baada ya kutoka, na unaweza kukwama ukiwa bado safarini. Tumia kadi nyingine kwa dhamana. Tovuti ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dola, chagua dola, maana kiwango chao cha kubadilisha mara nyingi kinakuumiza. Na ile bangili ya Disney inayofungua mlango wa chumba inaweza pia kulipia vitu, bili inakungoja mwishoni. Omba ya watoto izimwe upande wa malipo. Wa miaka 14 anajua kugusisha kuliko wewe.

Jambo la mwisho ni viza. Ada ya kuomba, dola 185, hairudishwi hata ukinyimwa, na chumba ulicholipia kwa masharti ya kutorudishiwa vilevile. Mama wa Nakuru bado anangoja tarehe ya mahojiano. Kwa hivyo tumemwambia kwa sasa asilipie chumba chochote, pesa ikae pale alipoifunga.