WALIOKUFA WESTGATE WANADAI RIPOTI YAO

Ndugu msomaji, kuku wakiibwa kijijini chifu huita baraza, watu wakaelezwa wizi ulitokeaje na nani alikuwa zamu. Lakini watu 67 wakiuawa mchana kweupe jijini Nairobi, unaambiwa hiyo ni siri ya usalama, nenda ukalale!

Tuanze na sheria, maana wakubwa wetu hupenda kujifanya hawaijui. Katiba tuliyoipigia kura mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 238, kwamba usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa kupeleka ripoti Bungeni kila mwaka. Kifungu cha 241 kinasema jeshi likitumwa kusaidia wakati wa dharura au maafa, ni lazima litoe ripoti kwa Bunge la Taifa. Hakuna mahali palipoandikwa "wakipenda".

Sasa tazama yaliyotendeka. Septemba 21, 2013 magaidi wa Al-Shabaab waliingia Westgate. Siku nne nchi nzima ilikodoa macho. Tuliambiwa wavamizi ni kati ya 10 na 15. Baadaye wakawa wanne. Polisi na wanajeshi walifyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe kwa kukosa kamanda mmoja. Wanajeshi wawili wakafukuzwa kazi na kufungwa kwa kuiba ndani ya jengo walilotumwa kuliokoa.

Oktoba 1 mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Tume hiyo haikuundwa. Kamati mbili za Bunge zikaketi pamoja, zikaandika ripoti yao, na Machi 2014 Bunge likaitupa, waheshimiwa wakisema ni nyepesi. Sawa. Kama ni nyepesi, itupwe. Lakini nzito iko wapi? Mwalimu akikataa kazi mbovu humwambia mwanafunzi arudie. Waheshimiwa wetu, wa serikali na wa upinzani, walikataa kazi kisha wakaenda zao nyumbani.

Unauliza hasara yake ni nini? Hasara ni Garissa. Miezi 18 baada ya Westgate, Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Kikosi cha Recce kilifika kutoka Nairobi mchana. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi, watoto waliouziwa ng'ombe na mashamba ili wasome. Swali la nani anatoa amri, na kikosi kipi kinaondoka saa ngapi, ndilo swali lililopaswa kujibiwa baada ya Westgate. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kiliwaumbua watoto wa wenyewe.

Wenye serikali watasema nchi haiwezi kumwaga siri zake hadharani. Basi tukumbuke Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, na jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Wamarekani wakiwa 12 tu. Dar walikufa 11. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 ilimlazimisha waziri wao kuunda bodi ya uchunguzi, kisha kulieleza Bunge lao, ndani ya siku 90 baada ya kupokea matokeo, hatua atakazochukua. Bodi ya Admirali William Crowe ilitoa matokeo Januari 1999, miezi mitano tu baada ya mlipuko. Yenye siri yaliwekwa kando, mengine yakachapishwa yasomwe na kila mtu. Ilisema wazi kwamba ulinzi wa balozi zao ulikuwa hafifu. Hatuwasifu Wamarekani kwa kila jambo. Lakini damu nyingi iliyomwagika ilikuwa yetu, na walioelezwa ni wabunge wao!

Nasi njia tunayo. Kifungu cha 118 cha Katiba kinaruhusu Bunge kufunga milango panapokuwa na sababu nzito. Kifungu cha 125 kinalipa uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, kama Mahakama Kuu. Basi siri si kisingizio. Kinachokosekana ni moyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbunge wako akija kwenye harambee au matanga, usimwache aondoke na makofi tu. Muulize: ripoti ya Westgate mliyoikataa, ya pili iko wapi? Jeshi lililetea Bunge ripoti gani kama kifungu cha 241 kinavyotaka? Baada ya Garissa, ni mkubwa gani aliyesimama mbele yenu akajibu maswali?

Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, mkumbushe aliyempa ukubwa ni nani.