Chaki Imebadilishwa, Mhubiri ni Yule Yule

Umeenea usemi katika vikao vya walimu hapa Mbale kwamba mwanafunzi sasa ndiye kitovu cha somo. Usemi huo hatuupingi. Tunachopinga ni udanganyifu utendwao kwa jina lake.

Mtaala mpya wa sekondari ulipoanza Februari 2020 ulitaka mwanafunzi atafute, ajadiliane na atende, naye mwalimu awe mwelekezi. Ulikifanya pia Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Haikutimia hata miezi miwili, shule zikafungwa kwa sababu ya korona, nazo hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Redio ikageuzwa mwalimu. Nayo, kama ijulikanavyo, husema bila kusikiliza. Mtoto wa miteremko ya Elgon asiyekuwa na redio hakupata hata hicho. Hapo ilitupasa kung'amua kwamba chombo peke yake hakimweki mwanafunzi mbele.

Hatukung'amua. Kompyuta chache zifikapo shuleni hufungiwa chumbani, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mkubwa. (Tumeiona moja imefunikwa kitambaa cha kudarizi, kama santuri ya harusi.) Penye projekta, maandishi yale yale ya ubaoni humulikwa ukutani, na watoto 80 huyanakili kimya.

Kwa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi. Matangazo tunayo tele: la Amin la 1973, marekebisho ya katiba ya 2005, azimio la baraza la mawaziri la 2022. Anayekosekana ni mtoto anayekisema. Sifa mbaya ya lugha ya kambini, ambayo Kiswahili kimeibeba nchini humu, haitaondoka kwa kukariri ngeli. Na sokoni kwetu kinasemwa kila siku! Simu moja yenye kunasa sauti yatosha darasa zima: wanafunzi wawahoji wachuuzi na madereva wa malori yaendayo Malaba, warudi wabishane juu ya walichosikia, na kwa nini hakifanani na cha kitabuni. Mwalimu asahihishe baadaye. Shule nyingi za bweni hukataza simu, na hofu yao twaielewa. Lakini simu ya shule, yenye daftari la kuazimia, si simu ya mfukoni.

Baadhi ya wenzetu husema heshima ya mwalimu itapotea. Ni ajabu kusikia hoja hiyo Bugisu, ambako kila mwaka wa shufwa kijana wa imbalu hutembezwa kwa jamaa, hufundishwa na wazee, kisha siku ya kisu husimama mwenyewe mbele ya umati. Hatujamwona mzee aliyeona ametwezwa kwa kutosimama badala yake.

Basi twawauliza wakaguzi: mwingiapo darasani, mnahesabu nini? Mkihesabu mashine, mtazikuta. Twaomba mhesabu dakika ambazo mwanafunzi amesema Kiswahili.