Adabu za Abiria: Jaketi Si Aibu ya Mwanamume

Juma hili tunajibu barua ya mama mmoja wa Malukhu, mjini Mbale, ambaye mume wake ni askari wa polisi. Anatuarifu kwamba shemeji yake aliyeko Jinja amewaalika, yeye na mumewe na watoto wanne, waende likizoni wakatembezwe kwa boti mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Fedha zikitosha, wataendelea hadi Entebbe wakapande meli ya kwenda Visiwa vya Ssese. Hawajapata kusafiri majini hata siku moja. Anauliza mavazi gani yafaa, chakula gani kichukuliwe, na abiria wa melini hukaa vipi na wenzao. Mwishoni mwa barua ameongeza swali jingine kwa mwandiko mdogo, kana kwamba ameona haya: mumewe husema kwamba mwanamume mzima, tena askari, havai jaketi la kuokolea kama mtoto. Je, ni adabu mke kumbishia mumewe katika jambo hilo?

Mama yetu, maswali yako yote ni mema, lakini hilo la mwisho ndilo kubwa. Tutalijibu baada ya mengine, kwa kuwa mengine yatatusaidia kulijibu.

Safari za majini si jambo geni katika nchi yetu ya mashariki. Reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, iliwapeleka abiria kutoka Jinja hadi Namasagali, na huko walipanda meli za Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Siku hizo watu wengi walijua desturi za melini. Siku hizi wengi wetu tumezoea basi na teksi, na tunaingia botini na desturi za basi. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Katika basi, abiria asiye na adabu huwaudhi wenzake tu. Akisimama, akicheza, akihamia kiti kingine, basi laendelea na safari. Chombo cha majini hakiko hivyo. Chombo husimama wima kwa sababu uzito wake umegawanyika sawasawa na sehemu kubwa ya uzito huo iko chini. Watu 20 walioketi ni mzigo uliotulia. Watu hao hao wakisimama, uzito hupanda juu. Wakikimbilia ubavu mmoja ili watazame ndege au wapigwe picha, chombo huinama. Kikiisha kuinama, wanaoteleza huzidisha uzito upande ule ule, na maji yakiingia hukimbilia huko huko. Kwa hiyo kuketi mahali ulipoonyeshwa ni adabu, na pia ni sehemu ya kazi ya kukiongoza chombo.

Ziwa Victoria limetufundisha somo hili kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Waliokufa walizidi 220. Ilielezwa siku zile kwamba gati lilipokaribia, abiria walisogea upande mmoja wapate kushuka mapema. Miezi miwili baadaye, jioni ya Jumamosi tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama pwani ya Mukono. Hao walikuwa watu waliokwenda kufurahi, kama familia yako itakavyokwenda. Boti ilikuwa imejazwa kupita kiasi, muziki ulikuwa ukipigwa, na wengi hawakuwa wamevaa majaketi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Polisi na wanajeshi wa majini walikwenda kuokoa, na kwa siku kadhaa kazi yao ikawa kuopoa maiti. Baadhi ya wasomaji wetu wanaijua kazi hiyo kuliko sisi tunaoandika.

Hatusemi haya ili mama wa Malukhu aahirishe safari. Maelfu huvuka ziwa kila siku wakafika salama. Tunayasema ili adabu tunazozitaja hapa chini zisidhaniwe kuwa mapambo.

Kwanza, mavazi. Gomesi ni vazi la heshima kwa mama, lakini kitambaa chake ni kingi, na pamoja na kikoi cha ndani na mshipi, likilowa huwa zito na huifunga miguu. Likunje vizuri mfukoni ulivae ukishafika kwa wenyeji. Botini vaa nguo nyepesi isiyokokota chini, na viatu vya bapa. Watoto wachukulie sweta, kwa sababu upepo wa ziwani ni wa baridi hata jua likiwaka.

Pili, kupanda. Fika mapema. Panga mstari, watangulize wazee, wajawazito na wenye watoto, na mshike mkono asiyezoea daraja la kupandia. Jina lako likiulizwa, litaje lote, na la kila mtoto, hata anayebebwa. Wengi huona ni usumbufu. Katika MV Bukoba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, na jamaa nyingi zilibaki bila kujua kwa hakika kama mtu wao alipanda au hakupanda. Kutaja jina ni heshima kwa wale uliowaacha nyumbani.

Tatu, mizigo. Weka mzigo pale utakapoambiwa na baharia, usiuache njiani wala mlangoni. Mfuko wa mahindi ulioachwa katikati ya ujia, mchana ni kero tu. Usiku, taa zikizimika, ni kizuizi cha watu wanaotaka kutoka.

Nne, mazungumzo. Wasalimu waliokaa karibu nawe, jitambulishe, uliza habari za safari. Mtakuwa jirani kwa muda. Kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka kwa kawaida ni zaidi ya saa tatu. Lakini nahodha au baharia akianza kueleza jambo, nyamazeni wote, hata kama mmeyasikia maelezo hayo mara kumi. Katika meli kubwa za kitalii, kama zile zinazofika Mombasa na Zanzibar, zoezi la kukusanyika ni la lazima kwa kila abiria, tajiri na maskini. Tangu mwaka 2015 kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wafanye zoezi hilo kabla ya meli kuondoka au mara tu iondokapo, na humo wanafundishwa mlio wa hatari: mifupi saba na mmoja mrefu. Redio yako ipunguze sauti. Muziki unaomzuia mtu kumsikia nahodha si starehe tena.

Tano, chakula. Asubuhi ya safari kuleni kidogo, wala kisiwe cha mafuta mengi. Chukueni ndizi, chapati na maji ya kunywa. Malewa yenye karanga ni matamu, nasi twayapenda, lakini mchuzi na mawimbi havipatani, yaacheni nyumbani. Mkaribishe jirani kabla hujaanza kula. Mtoto akichafukwa na moyo, mketishe sehemu ya katikati ya chombo ambako mtikisiko ni mdogo, mwambie atazame mbali ukingoni mwa ziwa, na uwe na mfuko tayari. Usimwache ainame nje ya ubavu bila kumshika. Maganda na chupa virudi nanyi nchi kavu. Pombe ingoje hadi mfike.

Sita, kushuka. Hili husahauliwa na wengi. Gati likionekana, kaeni. Chombo kikifungwa kamba, kaeni bado. Shukeni mtakapoambiwa, mstari kwa mstari. Dakika tano za kungoja hazijamnyima mtu chakula cha mchana.

Sasa twasema na akina baba, hasa wenye sare. Ndugu askari, cheo chako twakiheshimu, lakini ndani ya chombo mkuu ni nahodha. Usimwambie, "Mimi ni ofisa, niongezee watu wangu wawili." Yeye anaogopa kukukatalia, na wengine wanaogopa kusema. Wale wawili ndio watakaolipita kadiri lililowekwa, nawe ndiwe utakayekuwa umelipitisha. Afadhali utumie heshima yako kwa kinyume chake. Ukiona chombo kimejaa, wewe unaweza kusema neno ambalo mama mwenye watoto wanne hathubutu kulisema: "Nahodha, naona tumezidi. Mimi na watu wangu tutangoja cha pili." Sema kwa upole, bila kutukana, kisha ushuke kweli. Watakaokufuata watakuwa wengi.

Na sasa jaketi. Mwaka 1852, tarehe 26 Februari, meli ya jeshi la Uingereza iitwayo Birkenhead iligonga mwamba katika pwani ya Afrika Kusini, ikiwa na watu zaidi ya 600, wengi wao wanajeshi. Mashua za kuokolea hazikutosha. Wanawake na watoto wakatiwa katika mashua moja. Nahodha alitaka wanaojua kuogelea waruke waiendee mashua hiyo. Maofisa wa jeshi wakawaomba askari wasiende, wasije wakaizamisha. Askari wale walisimama katika safu zao huku meli ikivunjika chini ya miguu yao. Wengi walikufa, wanawake na watoto wote walipona. Huo ndio ushujaa wa askari melini: kutulia, kutii, na kutanguliza wasio na nguvu.

Lakini angalia vizuri. Watu wale walikosa vyombo vya kuokolea, hawakuvikataa. Askari avaaye kofia ya chuma vitani haitwi mwoga, na askari wa majini anayevaa jaketi kila siku ya kazi hajaitwa mwoga na mtu yeyote. Jaketi huvaliwa kabla ya hatari, kwa kuwa kulivaa ukiwa ndani ya maji, gizani, watu wakikushika shingoni, karibu ni muhali. Mikanda yote ifungwe. La mtoto liwe la kipimo chake, na lishikwe kwa ukanda upitao katikati ya miguu, au sivyo mtoto atateleza chini nalo lielee peke yake. Baba aliyeelea anaweza kumshika mtoto kila mkono. Baba asiye na jaketi, hata akiwa hodari, nguvu zake zote atazitumia kujishughulikia mwenyewe; na ziwani, mbali na ufuo, nguvu hizo huisha.

Tena sisi watu wa chini ya Mlima Masaba tusijidanganye kwamba maji tunayajua. Wengi wetu hatukufundishwa kuogelea. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala, ambayo siku nyingine watoto huivuka kwa miguu, ilifurika Mbale na kuchukua roho za watu. Basi ikiwa mto wa nyumbani ulitushinda, ziwa lenye upana wa nchi nzima tuliendee kwa unyenyekevu. Hata matembezi mafupi ya Jinja yasidharauliwe. Pale yalipokuwa Maporomoko ya Ripon, yaliyofunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, mkondo wa Nile bado una nguvu.

Turudi kwako, mama. Hapana, si vizuri kumbishia mumeo gatini mbele ya watu na mbele ya watoto. Ataona ametwezwa, naye atashikilia neno lake. Zungumza naye nyumbani, kabla ya safari, jioni akiwa amepumzika. Mwambie: "Baba watoto, wewe ndiwe uliyezoea amri na nidhamu. Watoto wanakutazama wewe, hawanitazami mimi. Ukivaa wa kwanza, nao watavaa bila kilio." Maneno hayo hayamwondolei ukubwa wake, yanampa kazi inayostahili ukubwa huo.

Akikataa bado, wewe vaa lako na uwavalishe watoto, bila kelele. Na kama gatini hakuna majaketi ya kutosha, au chombo kimejazwa, usipande wala usiwapandishe watoto, hata kama nauli imekwisha lipwa na shemeji amekasirika. Shemeji utamwomba radhi jioni, naye atasamehe. Adabu haimdai mtu kunyamaza mpaka azame na watoto wake.

Twawatakia safari njema. Mkirudi Malukhu, tuandikieni mtueleze nani alivaa jaketi wa kwanza.