Karatasi Inayosainiwa Mlangoni

Mwana-Kyela aliyejenga Ipinda au Matema, na mwenyewe akaendelea kuishi Birmingham, Minneapolis au Muscat, ana nyumba ambayo siku polisi watakapobisha hodi itasemewa na mtu mwingine. Huenda ni mdogo wake, huenda ni shangazi, na mara nyingi ni kijana aliyeachiwa funguo na namba ya simu ya kaka mkubwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtambua kijana huyo. Kifungu cha 38(3), kwa namba za toleo la 2019 ambazo jarida hili linazitumia kote humu, kinamtaka afisa anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba au mkaaji wake, ndugu yake wa karibu, au yeyote ambaye nyumba iko mikononi mwake wakati huo, pamoja na saini za mashahidi kama wapo. Saini ya kijana wa funguo ndiyo itakayofika Mahakama ya Wilaya Kyela, na kesi ikikua, Mahakama Kuu Mbeya na Mahakama ya Rufani.

Jarida hili linaligusa jambo hili kwa sababu mazungumzo ya jumuiya kuhusu upekuzi karibu kila mara huishia kwenye hasira: nani aliingia na viatu, nani alimfokea bibi. Hasira hiyo ina haki yake, lakini hakimu haiulizi. Anauliza mambo makavu zaidi. Nani aliruhusu upekuzi? Ulifanyika saa ngapi, na nani aliushuhudia? Kiliandikwa nini papo hapo? Na kielelezo kilipoletwa mahakamani, mshtakiwa alikipinga au alinyamaza?

Haikuwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi mahakama za ukanda huu hazikujali kitu kilivyopatikana. Msingi wa msimamo huo ni shauri la Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, mtu aliyeitwa Kuruma, mwana wa Kaniu, alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na baiskeli. Kanuni za dharura ziliruhusu upekuzi wa namna ile ufanywe na afisa wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi. Waliompekua walikuwa makonstebo. Walidai wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Kisu hicho hakikuletwa mahakamani. Wazee wa baraza watatu, wote kwa kauli moja, walishauri aachiwe. Jaji akamtia hatiani, na adhabu ilikuwa kifo.

Rufaa ilifika Baraza la Malkia mjini London, na tarehe 8 Desemba 1954 Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Goddard, akatoa jibu lililotawala kizazi kizima: ushahidi ukihusiana na kosa unapokelewa, hata kama umepatikana kinyume cha sheria. Kwa kuwa Tanganyika nayo ilikata rufaa zake kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kauli hiyo ilikuwa na uzito uleule Tukuyu kama Nairobi.

Tanzania iliachana nayo miaka ya 1980. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na ibara ya 16 ikaweka wazi kwamba nafsi ya mtu, familia yake na maskani yake vinapaswa kuheshimiwa, na kwamba mamlaka yakitaka kuingilia haki hiyo lazima kuwe na utaratibu wa kisheria. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, namba 9 ya 1985, na ndani yake kuna kifungu cha 169, ambacho kwa maoni ya jarida hili kinastahili kujulikana na kila familia kama inavyojulikana namba ya simu ya zahanati.

Kifungu hicho kinasema hivi, kwa muhtasari. Ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria hiyo ukipingwa, hakimu hatakiwi kuupokea mpaka aridhike kwamba kuupokea kutanufaisha sana masilahi ya umma katika utoaji wa haki za jinai, bila kuumiza isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Anatazama ukubwa wa kosa, uharaka wa kumpata mhalifu, uzito wa ukiukaji wenyewe, na kama ushahidi huo ungeweza kupatikana kwa njia halali. Mzigo wa kumridhisha unabebwa na anayetaka ushahidi upokelewe, yaani upande wa mashtaka. Marekani ilikwenda mbali zaidi: tangu shauri la Mapp la 1961, kilichochukuliwa kwa upekuzi haramu hutupwa nje, ingawa baadaye mahakama zao zimetoboa matundu mengi kwenye kanuni hiyo. Uingereza, kwa kifungu cha 78 cha sheria ya polisi ya 1984, inamwachia jaji apime kama kesi itaharibika kwa kukosa uadilifu. Kenya iliandika yake kwenye ibara ya 50(4) ya Katiba ya 2010. Msomaji aliyezoea habari za mahakama za Marekani asidhani basi kwamba kosa moja la polisi wa Kyela linatosha kufuta kesi. Halitoshi.

Sasa, nani anaruhusiwa kupekua? Hati ya upekuzi hutolewa na mahakama. Mkuu wa kituo cha polisi naye anaweza kupekua mwenyewe au kumpa askari aliye chini yake kibali cha maandishi, iwapo ana sababu za msingi za kushuku na kuchelewa kutasababisha kitu kiondolewe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Akishatoa kibali hicho anatakiwa kumtaarifu hakimu mapema iwezekanavyo. Hati ya mahakama hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha.

Kisha kuna kifungu cha 42, kile cha dharura, ambacho kwa mazingira ya Kyela ndicho chenye kazi nyingi. Wilaya ina mpaka wa Kasumulu kwenye mto Songwe, ina mialo na bandari ziwani, na ina malori, bodaboda na mitumbwi inayohama saa yoyote. Gari haliwezi kusubiri mahakama ifunguliwe Jumatatu. Novemba 2015, pale Kasumulu, gari lililotoka Malawi likiwa na raia wanne wa China lilikamatwa na pembe 11 za faru zilizofichwa ndani yake. Desemba mwaka huohuo mahakama mjini Mbeya iliwahukumu kifungo cha miaka 20 kila mmoja, na rufaa zilipanda hadi Mahakama ya Rufani. Kwa upekuzi wa namna hiyo, wa chombo kinachotembea mpakani, kudai hati ya hakimu ni kujisumbua: sheria inaruhusu askari asimamishe na apekue bila hati pale hali ilipo nzito na ya haraka.

Nyumba ni jambo jingine. Haina magurudumu, na kama polisi wamepata fununu tangu mchana, muda wa kuandika kibali walikuwa nao. Katika shauri la Shabani Said Kindamba, rufaa ya jinai namba 390 ya 2019 iliyosikilizwa Mtwara, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba makazi ya mtu hupekuliwa kwa hati isipokuwa kuna dharura ya kweli, na ushahidi uliotokana na upekuzi usio na hati ukaondolewa kwenye kumbukumbu. Neno "dharura" haligeuki kuwa kweli kwa sababu tu askari amelitamka kizimbani.

Hapa kwenye stakabadhi jarida hili lina lalamiko lake. Katika shauri la Selemani Abdallah, rufaa namba 384 ya 2008, Mahakama ya Rufani ilieleza vizuri sababu ya stakabadhi na saini: kuhakikisha kitu kimetoka mahali palepale panapotajwa na si kwingine, ili malalamiko ya watuhumiwa kwamba wamebambikiwa yapungue. Ni maelezo ya mtu anayejua maisha yalivyo. Lakini katika mashauri ya miaka ya karibuni mahakama hiyohiyo imelegeza: hati ya ukamataji mali iliyosainiwa na mtuhumiwa ikiwepo, kukosekana kwa stakabadhi hakuui kesi. Zaidi ya hapo, hata hati ikiondolewa kwa kasoro, ushahidi wa mdomo wa waliokuwepo unaweza kubeba kesi. Ndivyo ilivyoamuliwa katika shauri la Issa Hassan Uki, rufaa namba 129 ya 2017, lililohusu meno ya tembo. Mantiki inaeleweka kwa meno ya tembo, kitu ambacho hakibadiliki wala hakihami mikono kirahisi. Kwa puli za bangi kutoka ng'ambo ya Songwe, au noti za benki zisizoandikwa namba zake, jarida hili linaona ulegezaji huo ni hatari. Hati ya ukamataji hubaki kwenye jalada la polisi. Stakabadhi ndiyo inayobaki kwa mama mwenye nyumba, akaiweka ndani ya Biblia au chini ya godoro, akaionyesha miezi minane baadaye.

Baada ya mlango kufungwa, kuna safari ya kielelezo chenyewe. Tangu shauri la Paulo Maduka, rufaa namba 110 ya 2007, mahakama zinataka kuona maandishi ya nani alikishika, alimkabidhi nani, kikahifadhiwa wapi, kikapimwa na nani. Ushahidi mwingi wa upekuzi huvunjikia hapo, kimyakimya, kwenye daftari la ghala la vielelezo ambalo halikujazwa.

Ushauri kwa waliobaki nyumbani ni mfupi. Wasizuie upekuzi, kumzuia askari kazini ni kosa lenyewe. Waulize kibali kwa adabu na wakisome. Wamwite mwenyekiti wa kitongoji au jirani, wasingoje kuchaguliwa shahidi na aliyekuja kupekua. Wasome kilichoandikwa kabla ya kusaini, na kama orodha ina kitu ambacho hakikutoka ndani, waseme hivyo mbele ya mashahidi hao na waombe iandikwe. Kisha wadai nakala. Asiyejua kusoma asomewe na jirani, siyo na askari peke yake.

Linalobaki linawahusu walio ughaibuni moja kwa moja, nalo ni la fedha. Pingamizi la kifungu cha 169 lina wakati wake: pale upande wa mashtaka unapoomba kielelezo kipokelewe. Shahidi anamaliza maelezo, hakimu anamgeukia mshtakiwa na kumuuliza kama ana pingamizi, na mshtakiwa asiye na wakili, aliyetoka mahabusu asubuhi ile, hujibu hana. Akishajibu hivyo, rufaani hoja ya upekuzi huwa imepungua nguvu sana, na wakili wa gharama atakayekodiwa Mbeya atakuwa anabishana na jibu la neno moja lililo kwenye mwenendo wa kesi. Jumuiya nyingi za Wanyakyusa nje ya nchi huchangisha haraka kwa msiba, na kwa kesi huchangisha baada ya hukumu. Jarida hili linapendekeza mfuko wa kesi ulipie wakili tangu siku shtaka linaposomwa Kyela, au angalau siku ile shahidi wa upekuzi anapopanda kizimbani, na jambo hilo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao.