Urubani wa Mezani na Mtaala wa Umilisi

Mwaka 1929, Edwin Link wa Binghamton, New York, aliunda chombo cha kufunzia urubani kwa mivukuto na pampu za kiwanda cha vinanda cha babake. Kiliuzwa zaidi kwa viwanja vya burudani, hadi 1934, jeshi la Marekani liliponunua sita, marubani wake kadhaa wakiwa wamekufa wakisafirisha barua.

Leo mwanafunzi aweza kuunda usukani wa ndege ya kompyuta kwa mbao, mipira na kile kidude cha kuongezea sauti katika redio kuukuu. Kizungushwapo, volteji hubadilika. Kibao cha Arduino huigeuza kuwa nambari kati ya 0 na 1023, nayo kompyuta ikaisoma. Kazi hasa ni kuufanya usukani urudi katikati pindi uachiliwapo, na hapo fizikia huanza kwa dhati.

Mbona basi, chini ya mtaala wa umilisi, wapo walimu wanaotuza kifaa kilichonunuliwa dukani? (Hata “usukani” na “kanyagio”, maneno tuliyo nayo, hutajwa darasani kwa Kiingereza.) Mwanafunzi na aulizwe jinsi alivyounganisha nyaya na mahali alipokwama. Ambaye mzazi wake alilipa tu hatakuwa na jibu.