Funguo za Amana Zipangwe kwa Kanuni Moja

Vikundi vingi vya akiba huku kwetu, Malindi na Kilifi, huweka fedha zao katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, ili asiwepo awezaye kuigusa amana ya wenziwe peke yake. Bitikoini nayo ina mpango wa namna hiyo: anwani moja hutungwa kwa funguo tatu za hadhara, na malipo hayatoki ila kwa saini za wawili katika hao watatu. Maadamu sheria ya Kenya juu ya watoa huduma za mali za kidijitali imekwisha kutiwa saini, Oktoba 2025, si ajabu vikundi vyetu vikashawishika kuujaribu. Na hapo lipo jambo ambalo wauza programu aghalabu hawalitaji, nalo ni mpangilio wa funguo.

Ukitanguliza ufunguo wa mwenyekiti, kisha wa katibu, kisha wa mweka hazina, utapata anwani moja. Ukianza na wa katibu, utapata nyingine kabisa, na funguo tatu zapangika kwa njia sita. Tuseme simu ya mweka hazina imezama baharini Ngomeni, naye akaurejesha ufunguo wake kwa yale maneno 12 aliyoyaandika karatasini, lakini programu mpya ikazipanga funguo vingine: kiooni itaonekana sifuri, ilhali fedha zi salama katika anwani ya awali, na mtu asiye na hatia ataitwa mwizi mbele ya majirani zake.

Dawa ilipendekezwa Februari 2015 na Thomas Kerin, Jean-Pierre Rupp na Ruben de Vries, katika waraka uitwao BIP 67: kila ufunguo uandikwe kwa umbo lake fupi, lenye tarakimu na herufi 66, likianza na 02 au 03, kisha zote zifuatane kama maneno ya kamusi. Kumtanguliza mkubwa ni adabu yetu, nami naiheshimu, lakini mahali pake ni mkutanoni. Vyeo hubadilika kila uchaguzi, na anwani ya amana haifai kutegemea kumbukumbu ya nani alikuwa nani.

Basi kikundi kimuulize muuzaji kama programu yake yaifuata kanuni hiyo, na asipojua, wasimkabidhi hata shilingi. Fauka ya hayo, funguo za hadhara zote tatu ziandikwe katika daftari la kikundi, kwani saini mbili zatosha kutoa fedha, lakini ufunguo wa hadhara wa tatu ukikosekana, anwani haitungiki tena.